Filamu moja kukatwa mbili: Gharama ni ya msuko, si ya mfuko tu

MNAMO Disemba 2025 kumbi za sinema nchini Marekani zilionyesha filamu ambayo wengi walidhani walikwisha kuitazama zaidi ya miaka 20 iliyopita. Ni Kill Bill, kazi ya mwongozaji Quentin Tarantino, safari hii ikiwa kitu kimoja cha zaidi ya saa nne, chenye mapumziko katikati kama ilivyokuwa ada ya sinema za zamani.

Awali kazi hiyo ilitolewa mara mbili. Juzuu ya Kwanza iliingia kumbini Oktoba 10, 2003. Ya Pili ikafuata Aprili 16, 2004. Miezi sita baina yake, tiketi mbili, hadithi moja.

Toleo hili lililounganishwa lilikuwa limeonyeshwa mara chache tu kabla ya hapo, na mashabiki walilizungumzia kama watu wanavyozungumzia hazina iliyofukiwa. Ukiliweka kando ya yale mawili ya awali, utaona limeongezwa hili na lile. Hayo si hoja yangu leo. Hoja yangu ni kilichoondolewa, nacho ni kidogo mno: swali moja linaloulizwa mwishoni mwa nusu ya kwanza, pamoja na kidokezo kifupi cha kukumbushia yaliyopita mwanzoni mwa nusu ya pili.

Swali moja tu, bwana! Nami nadai kwamba swali hilo liligeuza kazi nzima ikawa kazi nyingine.

Kabla sijaeleza, nitoe tahadhari. Ambaye hajaitazama filamu hii na hapendi kufichuliwa siri, aliweke gazeti chini sasa hivi, aende akaitazame, kisha arudi. Uhakiki hauwezi kufanywa kwa kunong'ona.

Nianze na jibu ambalo kila mtu huwa nalo tayari. Ukiwauliza wanafunzi wa fasihi kwa nini filamu ndefu hukatwa vipande viwili, watakujibu kwa kauli moja: pesa. Na hawadanganyi. Kampuni ya Miramax ilipoona wingi wa picha alizokwisha kuzipiga Tarantino, wazo la kuzigawa lilikuwa pia wazo la kuuza mara mbili. Kila juzuu iliingiza zaidi ya dola milioni 150 duniani kote. Nani angelalamika?

Wengine walijifunza upesi. Riwaya ya mwisho ya Harry Potter, iliyochapishwa 2007, iligeuzwa filamu mbili, ya kwanza Novemba 2010 na ya pili Julai 2011. Baada ya hapo ikawa kama desturi ya ukoo: Twilight wakaigawa riwaya yao ya mwisho 2011 na 2012, The Hunger Games nao 2014 na 2015. The Hobbit, kitabu kimoja cha watoto kisicho kinene, kilipangiwa filamu mbili, kisha mwaka 2012 ikatangazwa kwamba zitakuwa tatu!

Lakini "pesa" ni jibu la mhasibu. Linatueleza kwa nini wembe ulichukuliwa. Halituelezi wembe ulipita wapi, wala nini kilichomwagika ulipopita. Mhakiki anayeishia kwenye pesa hajahakiki chochote, amesoma risiti. Tamthilia za Shakespeare nazo ziliandikwa ziuze tiketi, na riwaya nyingi tunazozienzi zilitoka kwanza gazetini kwa vipande vilivyoishia na neno "itaendelea" ili msomaji anunue gazeti la kesho. Biashara haijawahi kuwa hoja tosha ya kuikataa kazi ya sanaa.

Hapa pana suala la istilahi linalohitaji kunyooshwa, maana tunachanganya mambo matatu. Kuna mwendelezo, yaani hadithi mpya inayoanza pale nyingine ilipokwisha kihalali. Kuna mfululizo, ambao tangu kuasisiwa kwake umepangwa uwe wa vipindi vingi, na kila kipindi kina pumzi yake. Kisha kuna hiki tunachokijadili: hadithi moja yenye mwanzo mmoja na kilele kimoja, iliyopasuliwa katikati. Huyu wa tatu hana jina mahususi katika Kiswahili. Vijana husema "pati wani" na "pati tuu". Mimi nitamwita filamu pasuli hadi atakapopatikana mwenye jina bora.

Tofauti hizi zina uzito. Chukua riwaya mbili za Euphrase Kezilahabi, Nagona ya 1990 na Mzingile ya 1991. Wahakiki wengi huzisoma pamoja, na ni kweli zinaitana. Hata hivyo, ukiifunga Nagona ukurasa wa mwisho husikii kwamba kuna mtu amekunyang'anya sahani kabla hujashiba. Ni kazi mbili zinazozungumza. Hazikuwa kazi moja iliyopasuliwa.

Tarantino mwenyewe alikwepa neno "sehemu" akachagua neno la vitabu ambalo kwetu ni juzuu. Chaguo hilo lina werevu wake. Juzuu ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni hiyo hiyo, sehemu. Lakini katika matumizi yetu juzuu hubeba heshima ya kitu kilichojalidiwa, kinachoweza kusimama peke yake rafuni. Ni kama mwongozaji alikuwa anatuambia mapema: msihesabu hiki kuwa nusu.

Je, ni kweli si nusu? Tuingie ndani ya hadithi.

Filamu inafungua kwa uso wa mwanamke aliyejaa damu. Ni Bibi Harusi, anayeigizwa na Uma Thurman. Amepigwa katika mazoezi ya harusi yake, yu mjamzito, na juu yake amesimama Bill, bwana wake wa zamani na mkuu wa genge la wauaji alilolitoroka. Anamwambia Bill kwamba mtoto ni wake. Risasi inalia kabla hajamaliza maneno. Kumbuka basi: neno la kwanza lenye uzito katika hadithi hii ni mtoto.

Anazirai kwa miaka minne. Anapozinduka hospitalini, mkono wake unakwenda tumboni na kukuta bapa. Kilio kinachofuata ni miongoni mwa vilio vya kweli zaidi katika filamu ambayo kwa kiasi kikubwa ni ya mchezo na mbwembwe. Tangu hapo anaua kwa sababu ya mtoto aliyeuawa. Hilo ndilo analoliamini yeye, na hilo ndilo tunaloliamini sisi.

Msuko wenyewe umegawika katika sura 10, tano kila upande, na haufuati mpangilio wa wakati. Sura ya kwanza inatuonyesha kisasi ambacho kwa kalenda ni cha pili. Bibi Harusi anapambana na Vernita Green sebuleni, na katikati ya vita basi la shule linasimama nje. Mtoto wa Vernita anaingia na mkoba wake. Ana miaka minne. Bibi Harusi anamwambia kwamba yeye pia aliwahi kuwa na binti, na kwamba angekuwa na umri kama huo. Dakika chache baadaye anamuua mama wa mtoto huyo, na mtoto anaona.

Hebu tulia hapo kidogo. Mama aliyefiwa anamfanya mtoto mwingine yatima, kwa jina la mtoto wake aliyekufa. Mzani wote wa maadili ya filamu umesimama juu ya imani hiyo, kwamba wa kwake amekufa.

Sasa twende mwisho wa Juzuu ya Kwanza. Mapambano makubwa ya Tokyo yamekwisha, O-Ren Ishii amelala thelujini. Tunamwona Bill, au tuseme tunamsikia, akimhoji msaidizi wa O-Ren aliyekatwa mkono. Anamuuliza iwapo Bibi Harusi anajua kwamba binti yake angali hai. Giza. Majina ya waigizaji yanapanda.

Nakumbuka watu waliotoka kumbini wakilisifu swali hilo kuliko mapanga yote. Na kwa kipimo cha taharuki walikuwa sahihi. Ni ndoana. Inamshika mtazamaji mdomoni, inamvuta miezi sita hadi tiketi ya pili.

Lakini tujiulize: ndoana hiyo imetengenezwa kwa chuma gani? Imetengenezwa kwa siri kubwa kuliko zote katika hadithi. Filamu ikipasuliwa lazima mahali pa mpasuko pawe na kitu cha kumrudisha mtazamaji, na kitu hicho hakitoki hewani. Kinachukuliwa kutoka ghala la hadithi yenyewe. Tarantino alifungua ghala, akakuta siri iliyowekewa sura ya kumi, akaitumia katika sura ya tano.

Matokeo yake yanaonekana pale sura ya kumi inapofika. Bibi Harusi anaingia nyumbani kwa Bill na bastola mkononi. Anakuta Bill akicheza na msichana mdogo, wote wakiwa na bastola za kuchezea. Mtoto anajifanya kumpiga mama risasi, na mama, akitetemeka, anajifanya ameuawa, anaanguka sakafuni. Mwanamke aliyepigwa risasi ya kweli akiwa na mtoto huyu tumboni sasa anaanguka kwa risasi ya uongo kutoka mkononi mwake.

Katika toleo lililounganishwa, mtazamaji anaanguka naye. Hakujua, kama yeye asivyojua. Saa nne amekuwa upande wake, amehalalisha kila kichwa kilichokatwa, amemsamehe hata lile la sebuleni kwa Vernita, na ghafla sababu yote inasimama mlangoni ikiwa na miaka minne na inacheka. Aristotle, katika kitabu chake kuhusu ushairi, alisema utambuzi ulio bora ni ule unaotokea sambamba na mgeuko wa hali ya mhusika, na mfano wake ulikuwa Edipode. Sura ya kumi imejengwa kwa kanuni hiyo hasa.

Katika matoleo mawili ya awali, mtazamaji ameketi akingoja. Anajua tangu Oktoba. Anamtazama Bibi Harusi akigundua, anamwonea huruma, pengine machozi yanamlenga. Lakini anamtazama kutoka kando. Tukio ni lile lile, picha ni zile zile, mwigizaji ni yule yule. Kilichobadilika ni nani anajua nini, na lini.

Najua kuna mwenzangu atakayenyoosha mkono. Atasema: Profesa, hicho unachokililia ni kinaya cha kitamthilia, mbinu yenye heshima. Hadhira ikijua asilolijua mhusika, mvuto huongezeka. Edipode huyo huyo uliyemtaja, Wagiriki si walikijua kisa chake kabla hawajaketi?

Ni pingamizi zuri, na linastahili jibu zuri. Naam, Wagiriki walijua. Ndiyo maana Sophocles aliutumia ujuzi wao katika kila onyesho. Kila neno la Edipode lina masikio mawili: anamlaani muuaji, nasi tunasikia akijilaani. Kinaya huwa na thamani kwa sababu mwandishi anakilisha.

Juzuu ya Pili haikilishi. Pitia sura ya sita hadi ya tisa. Tunarudi kwenye mazoezi ya harusi, ambapo Bibi Harusi angali mjamzito. Tunamwona akizikwa hai. Tunapelekwa kwa mwalimu Pai Mei mlimani. Tunashuhudia ugomvi wake na Elle ndani ya gari la kukokotwa. Kote huko hakuna hata onyesho moja linalomtaja binti kuwa yuko hai na linalotufanya tulione tendo la mama kwa jicho jingine. Ujuzi tuliopewa umekaa mfukoni zaidi ya saa moja na nusu bila kazi. Haukuandikiwa mahali pa kukaa, kwa sababu hadithi iliandikwa bila huo. Uligongomelewa pale mlangoni baadaye, kwa sababu palitakiwa mlango.

Nisiwe mchoyo, upasuaji huo ulileta faida pia. Nusu mbili za kazi hii zina tabia tofauti: ya kwanza ni ya upanga na kasi, ya pili ni ya jangwa na maneno. Watu wanaketi, wanavuta sigara, wanazungumza mpaka unasahau kwamba walikuja kuuana. Aliyeshindilia saa nne kwa mkupuo huenda akachoka kabla hajafika kwenye mazungumzo ya mwisho ya Bill na Bibi Harusi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo maandishi bora zaidi ya Tarantino. Miezi sita iliwapa watu nafasi ya kuja na masikio mapya. Hilo silikani.

Swali basi si kama filamu ipasuliwe au isipasuliwe. Swali ni mpasuko utalipiwa kwa sarafu ipi.

Ili tuelewane, linganisha na India. Mwaka 2015 mwongozaji S.S. Rajamouli alitoa Baahubali, kisa cha kijana anayegundua kwamba yeye ni mwana wa mfalme. Sehemu kubwa ya nusu ya pili ya filamu hiyo ni mbinu rejeshi: mtumwa mzee na shujaa, Kattappa, anamsimulia kijana kuhusu baba yake. Tunampenda baba huyo. Kisha kijana anauliza ni nani aliyemuua, na Kattappa anajibu kwamba ni yeye mwenyewe. Filamu inakatika hapo.

India nzima ilikaa karibu miaka miwili, hadi Aprili 2017, ikijiuliza kwa nini Kattappa alimuua Baahubali. Swali hilo likawa mzaha wa vijana, likawa salamu, likaingia kwenye matangazo ya biashara.

Huo nao ni mpasuko wa kibiashara, mtupu kabisa. Lakini tazama ulivyolipiwa. Rajamouli alitoa jibu, na jibu lenyewe likazaa swali kubwa zaidi. Hakuchukua chochote kutoka kilele cha filamu ya pili. Alichokifichua ni mlango wa kuingilia filamu hiyo. Na saa za kwanza za filamu ya pili zinakula chakula hicho hicho. Kila tunapomwona Kattappa akimcheka na kumkumbatia Baahubali, tunajua mkono huo utafanya nini. Hicho ndicho kinaya kinacholishwa!

Si ajabu kwamba somo hili linatoka India. Sinema ya huko iliandikwa miaka mingi ikiwa na mapumziko akilini. Waliokuwa wakienda Shan pale Ngara, au Regal na Naaz kule Mombasa, wanakumbuka kwamba taa ziliwaka katikati, watu wakatoka kununua njugu na soda, na mjadala ukaanza hapo hapo mlangoni. Waandishi wa filamu hizo walijua taa zitawaka. Walijenga kilele kidogo cha kuwatoa watu, na mwanzo wa pili wa kuwarudisha. Mshono ulikuwa sehemu ya nguo tangu kitambaa kikiwa mezani.

Mtu angetarajia basi kwamba kazi ya jukwaani yenye mapumziko yake tayari ingekuwa rahisi kupasuliwa. Tamthilia ya nyimbo Wicked imekuwa Broadway tangu 2003. Ina sehemu mbili, na ya kwanza inafungwa kwa mchawi Elphaba kupaa angani na kuikana serikali iliyomhadaa. Mwongozaji Jon M. Chu alipoigeuza filamu, akakata pale pale: nusu ya kwanza Novemba 2024, nusu ya pili Novemba 2025.

Mahali pa mkato palikuwa sahihi. Kilichosahaulika ni urefu wa mapumziko. Jukwaani ni dakika chache. Mtazamaji anarudi kitini na moto wa wimbo ukingali kifuani, na moto huo ndio unaoibeba sehemu ya pili, ambayo kila anayeijua tamthilia hii anakiri kwamba ni nyembamba kuliko ya kwanza. Ukiweka mwaka mzima katikati, moto umezimika. Sehemu ya pili inatakiwa iwashe jiko lake yenyewe, na kuni haina. Halafu kuna urefu: tamthilia nzima jukwaani, pamoja na mapumziko, huchukua kama saa 2 na dakika 45. Filamu ya kwanza peke yake ni saa 2 na dakika 40. Nusu imekuwa kubwa kama nzima.

Kuna na jambo la uaminifu. Mabango ya filamu hiyo ya kwanza yaliandikwa jina tu, Wicked, bila kutaja kwamba ni nusu. Maneno ya kuashiria sehemu ya kwanza yalitokea kwenye kioo mtu akiwa amekwisha kulipa na kuketi. Dune ya mwaka 2021 ilifanya vivyo hivyo, tena wakati ilipotoka sehemu ya pili ilikuwa bado haijaidhinishwa. Hapo angalau hadithi ilikuja kukamilika mwaka 2024. Waliokwenda kutazama Allegiant mwaka 2016, nusu ya kwanza ya riwaya ya mwisho ya mfululizo wa Divergent, hawakubahatika. Mapato yalikuwa mabaya, nusu ya pili haikutengenezwa mpaka leo. Wameachwa na shati la mkono mmoja.

Tusicheke sana za mbali. Ukanda huu umeijua filamu pasuli kabla haijawa mtindo wa Hollywood. Nollywood ilikuwa nayo tangu Living in Bondage ya 1992, iliyofuatwa na sehemu yake ya pili mwaka 1993. Filamu za Bongo zilizojaa kwenye vibanda vyetu kuanzia Mombasa hadi Busia ziliuzwa kwa diski mbili, sehemu ya kwanza na ya pili, kila moja na bei yake. Hadithi nyingi kati ya hizo zilitosha saa moja na nusu.

Na mnajua ilivyokuwa. Gari linafika langoni. Mlinzi anafungua lango, taratibu. Gari linaingia, linaegeshwa. Mlango wa gari unafunguliwa. Mguu unatoka, kisha mguu wa pili. Mtu anatembea hadi mlangoni, anabisha, anasubiri. Muziki unaendelea. Anakaribishwa, anaulizwa atakunywa nini. Dakika sita zimekwisha, na hakuna aliyesema neno linalohusu hadithi! Kisha, katikati ya ugomvi wa mke na mume, tena pengine katikati ya sentensi, diski inakwisha.

Huo ni mpasuko wa aina ya tatu, usiolipa chochote. Hautumii siri iliyowekewa mwisho kama Tarantino, wala hauzai swali jipya kama Rajamouli. Unasimama tu pale kanda inaposimama. Mtazamaji anarudi kwa sababu amekatwa kauli, jinsi unavyomrudia mtu simu ikikatika. Nasema haya nikiwa na mapenzi na sinema hiyo, iliyowapa watu wetu nyuso zao na lugha yao kwenye kioo wakati hakuna mwingine aliyejali. Waigizaji wake walistahili wahariri wenye ujasiri zaidi.

Jambo hili linanisumbua kwa sababu ya miswada ninayoletewa. Vijana wanaoandika filamu katika vyuo vyetu siku hizi wameandika "Sehemu ya 1" kwenye jalada kabla hawajaandika onyesho la kwanza. Ukimuuliza mmoja wao hadithi inaishia wapi, anakujibu kwamba hilo litajulikana katika sehemu ya pili. Ukimuuliza sehemu hii ya kwanza inaishia wapi, anakwambia patakapokuwa na taharuki. Nami humrudisha kwa swali moja tu: taharuki hiyo umeitoa wapi, na ulikoitoa pamebaki nini? Mara nyingi ananyamaza. Wachache hurudi baada ya wiki mbili na mswada mmoja mfupi, usio na namba kwenye jalada.

Si kwamba nawakataza. Upo mpasuko mmoja ambao hunyamazisha hata ukali wangu, nao ni wa Harry Potter. David Yates aliitumia nafasi ya filamu mbili kufanya lisilowezekana katika moja: kuwaacha vijana watatu msituni, ndani ya hema, bila mwalimu wala mpango, wakisikiliza majina ya waliokufa redioni. Watu walilalamika kwamba hakuna kinachotokea. Kinachotokea ni kwamba wanakua. Kisha Dobby anakufa, na Harry anachimba kaburi kwa mikono yake, bila uchawi. Ndipo tunapoonyeshwa Voldemort akiliiba fimbo kuu kutoka kaburi la Dumbledore, na filamu inafungwa. Makaburi mawili yanayofuatana, moja linachimbwa kwa upendo na jingine linavunjwa kwa uchu. Kilichotumika mahali pa mpasuko ni huzuni, na huzuni haikuhitajika tena kule mbele, ambako ni vita. Sura ya mwisho haikupungukiwa hata senti moja.

Nirejee Tokyo na lile swali la Bill. Tarantino ameliondoa, na amefanya vyema. Ila uondoaji huo una mpaka wake. Kijana aliyezaliwa 2005, ambaye hajawahi kusikia habari za filamu hii, anaweza leo kuketi saa nne, akapita sebuleni kwa Vernita, akapita thelujini, akazikwa hai pamoja na Bibi Harusi, na akafika mlango wa sura ya kumi akiwa hajui lolote. Msichana ataruka mbele na bastola yake ya kuchezea, na kijana atashtuka kitini. Kando yake atakuwa ameketi mzee wa 2003, anayeijua sauti ya Bill gizani, naye kwa muda wote huo atakuwa anamtazama kijana badala ya kioo.